Umeme na intaneti kwenye visiwa vidogo: hitilafu zinazojirudia na namna ya kuzisaka

Mtu akipiga simu kutoka Kojani, Kisiwa Panza, Jibondo au Ndau kusema mtandao umekata au umeme unasumbua, muulize kwanza mambo mawili: ilikuwa saa ngapi, na maji yalikuwaje? Majibu hayo yanaweza kuokoa safari nzima ya boti. Kisiwani kipuri hakifuatwi duka la jirani. Kinasubiri boti, na boti inasubiri maji na upepo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na yale yanayoonekana kwa macho na yanayopimika kwa multimita ya kawaida, na kununua kifaa kipya kunakuja mwisho kabisa. Mara nyingi kifaa hakijafa. Kilichokufa ni maungio: ncha ya waya, plagi, skrubu, kibanio cha erthi, popote ambapo chumvi imepata pa kukaa.

Beba multimita, msasa laini, spana zilizofungwa tepu kwenye mpini, grisi ya silikoni, tepu ya mpira inayojishika yenyewe, plagi za data za akiba, na jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi huo.

Usiguse hivi, hata kama unajua

Nyaya za msongo wa kati (kilovolti 11 au 33), transfoma, na kebo ya baharini ni kazi ya shirika la umeme peke yake. Waya ukianguka ufukweni au kwenye maji, kaa mbali, zuia watoto na wavuvi wasikaribie, kisha piga simu. Usiuvute kwa mti wala kwa kamba, maana mchanga wenye maji ya chumvi unapitisha umeme. Kwa upande wa sola, kumbuka kwamba paneli haina swichi ya kuzima jua. Safu ya paneli kumi zilizounganishwa mfululizo inaweza kufika volti 400 za mkondo mnyoofu, na ukichomoa plagi yake mkondo ukiwa unapita, cheche haizimiki haraka kama ile ya umeme wa nyumbani.

Dalili: linki ya redio kati ya kisiwa na kisiwa inakatika, kisha inarudi yenyewe

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linalokula fedha nyingi, kwa sababu kila fundi anayekuja hubadilisha redio. Kabla ya kubadilisha chochote, mpe mlinzi au mwalimu wa karibu daftari aandike saa linki inapokata na saa inaporudi, kwa wiki moja. Daftari hilo litakuelekeza.

Ikiwa inakata saa ile ile kila siku, tafuta umeme wa mnara. Ikikata alfajiri kabla ya jua kuchomoza, betri haifiki asubuhi. Ikikata kati ya saa sita na saa tisa mchana, shuku joto ndani ya sanduku la vifaa, hasa la bati lililo juani. Ikikata saa moja jioni, watu wamewasha taa, televisheni na friji kwa pamoja, na volti ya laini imeshuka chini ya kile chaja ya redio inachohitaji. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote, na dawa zake zimo kwenye sehemu za umeme hapa chini.

Ikiwa saa ya kukatika inasogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, hapo ni bahari. Maji kujaa na kupwa husogea kwa kiasi hicho hicho. Alama nyingine ni kwamba siku za maji mafu linki inatulia, halafu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wakati wa bamvua, inaanza tena. Kwenye pwani yetu bamvua hujaa karibu saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, kwa hiyo hata bila jedwali unaweza kukisia.

Kinachotokea ni hiki. Wimbi la redio linafika upande wa pili kwa njia mbili: moja inanyooka hewani, nyingine inagonga uso wa bahari na kurudi juu, kama mwanga kwenye kioo. Mawimbi hayo yakikutana kwenye antena yanaweza kusaidiana au kuuana, ikitegemea njia ya pili imezidi ya kwanza kwa urefu gani. Kwa masafa ya gigahezi 5.8, wimbi moja lina urefu wa sentimita 5.2 hivi. Njia ya bahari ikizidi kwa wimbi moja kamili, mawili hayo huuana, kwa kuwa kugonga maji kunaligeuza wimbi juu chini.

Chukua linki ya kilomita 10, antena mbili, kila moja mita 15 juu ya maji yakiwa yamejaa. Ukishapunguza mviringo wa dunia kwenye urefu huo, tofauti ya njia mbili ni kasoro kidogo ya sentimita 4. Maji yakipwa mita 4, kama wakati wa bamvua, antena zote mbili zimekuwa mita 19 juu ya maji, na tofauti imefika sentimita 6. Njiani imepita 5.2. Pale pale linki inazama: ukurasa wa redio uliokuwa ukionyesha desibeli −58 unashuka mpaka −85, unabaki huko kwa muda, halafu unapanda bila mtu kugusa kitu. Maji yanapita kina hicho yakienda na yakirudi, mara mbili kwa siku, ndiyo maana daftari litaonyesha mikato minne.

Wengi hukimbilia kuongeza urefu wa mlingoti, jambo ambalo mara nyingi huzidisha tatizo. Katika mfano huu, ukiishusha antena ya upande mmoja hadi mita 8, tofauti ya njia itacheza kati ya sentimita 2 na 4 tu, maji yakiwa popote, na haigusi 5.2 kabisa. Hakikisha tu njia bado iko wazi: kwa kilomita 10, katikati ya safari unahitaji karibu mita 7 za uwazi kati ya mstari wa kuona na maji yaliyojaa, na mviringo wa dunia unakula mita moja na nusu. Kwa umbali mwingine piga hesabu upya: zidisha urefu wa antena moja kwa wa nyingine, mara mbili, gawa kwa umbali, vyote kwa mita, upate tofauti ya njia. Kwa linki ya kilomita 10 punguza kwanza mita moja na nusu kwenye kila urefu. Umbali ukiongezeka, punguzo hilo nalo linakua haraka.

Kama mlingoti haushushiki, rudisha antena nyuma ya ufukwe, ili wimbi linaloelekea majini likingwe na mikoko au kichwa cha ardhi. Njia ya tatu ni antena mbili kwenye mlingoti mmoja kwa urefu tofauti, yaani redio mbili, na rauta inachagua iliyo hai. Ni ghali zaidi, lakini kwa zahanati au shule inayotegemea linki hiyo inafaa.

Mikato isiyofuata saa wala maji ina sababu nyingine, kwa mpangilio huu:

- Mlingoti umesogea. Upepo wa kusi hulegeza nyaya za kushikilia. Antena ya sahani ikigeuka digrii chache tu imepotea. Kaza, elekeza upya, kisha piga alama ya rangi kwenye bomba ili siku nyingine uone kama imezunguka.
- Mnazi umekua. Linki iliyofungwa miaka mitatu iliyopita ilipita juu ya makuti. Leo inapita ndani yake, na makuti yenye mvua ni mabaya zaidi. Zungumza na mwenye mnazi kabla ya panga.
- Redio za hoteli na majirani zimejaza masafa. Tumia kipimo cha masafa kilicho ndani ya redio yenyewe, chagua chaneli tulivu, punguza upana wa chaneli. Usiongeze nguvu kupita kibali cha TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) au cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.
- Siku tulivu za matlai, hewa ya joto ikilala juu ya bahari, mawimbi hupinda. Jioni kunakuwa na mikato, asubuhi kuzuri. Hapa huna la kufanya isipokuwa kuacha akiba kubwa ya nguvu ya mawimbi unapojenga linki.

Mlingoti ukizidi mita sita au ukiwa umeliwa na kutu chini, usipande. Gonga kwa spana karibu na zege: ukisikia sauti ya kitu kilichooza, mwite fundi wa minara.

Dalili: linki haikati, lakini intaneti imekuwa nzito, au redio inajizima na kujiwasha

Anza kwenye plagi ya data. Chomoa ile iliyo nje, juu ya mlingoti, uiangalie juani. Pini nzima zinang'aa rangi ya dhahabu. Ukiona ute wa kijani au weusi kati ya pini, hasa zile zinazobeba umeme kwenda kwenye redio, umeshapata ugonjwa. Umeme wa mkondo mnyoofu pamoja na unyevu wa chumvi hula pini moja haraka kuliko nyingine. Kata plagi, rudi nyuma mpaka ufike shaba safi, funga mpya, tia grisi ya silikoni, na acha kebo ining'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa ili maji yadondoke nje.

Ukikata na kukuta weusi bado upo sentimita 30 ndani, maji yameshasafiri ndani ya ganda. Badilisha kebo yote, hakuna njia ya mkato.

Kisha kagua kebo yenyewe. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba, ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Hii ya pili inauzwa bei nafuu na inajaa madukani. Ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo umeme unafika dhaifu kwenye redio, inajizima kila inapotaka nguvu zaidi. Na penye chumvi inakatika katika plagi. Kisiwani usiifunge nje hata kwa muda.

Pima urefu pia. Kebo ya data ya shaba haipaswi kuzidi mita 100. Watu huivuta mita 140 kutoka ofisini hadi mnarani, inafanya kazi wakati wa kiangazi, halafu masika inaleta lawama. Zaidi ya hapo weka faiba, na umeme uende kwa waya wake.

Baada ya hayo ndipo uangalie waliounganishwa. Simu arobaini zinazosasisha programu kwa pamoja zitajaza linki yoyote ndogo. Weka kikomo kwa kila mtumiaji kwenye rauta.

Dalili: umeme upo lakini mdogo, taa zimefifia, friji inanguruma bila kugandisha

Pima mara mbili, jioni, vitu vikiwa vimewashwa: kwenye soketi iliyo karibu zaidi na mita ya umeme, kisha kwenye soketi ya mbali ndani ya nyumba. Ya kwanza ikisoma 225 na ya pili 195, kosa liko ndani ya nyumba. Zote zikisoma 190, kosa liko nje, na upande huo si wako.

Ndani ya nyumba tafuta soketi iliyogeuka rangi ya kahawia, harufu ya plastiki iliyoungua, swichi inayonguruma. Zima swichi kuu, hakikisha kwa multimita kwamba hakuna umeme, ndipo ukaze skrubu. Waya wa alumini uliosokotwa moja kwa moja na wa shaba ni kosa linalopatikana kila kisiwa. Metali hizo mbili zikilowa chumvi, alumini inaliwa, maungio yanapata moto, na moto huo ndio unaochoma nyumba. Tumia kiungio maalumu cha alumini na shaba.

Nje ya nyumba, sababu kubwa ni umbali. Kebo ya alumini ya milimita za mraba 50 ikivutwa mita 500 kwa fezi moja, na mkondo wa ampea 20, inapoteza karibu volti 13. Ongeza nyumba nyingine kumi mwishoni mwa laini na hesabu inavurugika. Kila nyumba ikinunua stabilaiza hali inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa stabilaiza huvuta mkondo mwingi kadiri volti inavyoshuka, na laini inazama zaidi. Laini yenyewe ndiyo ya kutibiwa: fezi tatu, waya mnene, au transfoma kusogezwa karibu. Kijiji kikipeleka ombi hilo, kipeleke na vipimo vya jioni vya nyumba ya kwanza, ya kati na ya mwisho. Ombi lenye namba linasomwa.

Kwenye sola ya volti 12 umbali unaumiza zaidi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4, mita 30 kwenda, ukibeba ampea 10, unapoteza volti 2.6. Kati ya 12, hiyo ni zaidi ya humusi. Kama kibanda cha betri kiko mbali na paneli au na mzigo, panda kwenda volti 24 au 48. Ukara, kwenye Ziwa Victoria, gridi ndogo ya sola imekuwepo tangu 2016, na huko maji hayana chumvi. Pwani, vifaa vile vile vinahitaji waya wa shaba uliopakwa bati, na boliti za chuma cha pua daraja la 316. Zile za 304 huanza kutoa madoa ya kutu mapema.

Simama hapa: baadhi ya taa zinawaka kupita kiasi, nyingine zimefifia

Sijaweka hili chini ya dalili ya juu kwa makusudi. Taa moja iking'aa sana, televisheni ikalia, na nyumba ya jirani ikafifia wakati huo huo, waya wa nyutro umekatika au umelegea mahali fulani. Volti kwa wengine inaweza kukaribia 400. Zima swichi kuu, waambie majirani nao wazime, na uite shirika la umeme. Usipime, usikaze chochote.

Fanya hivyo hivyo mtu akisema bomba la maji au bati la paa "linatetemesha".

Dalili: sola inazima usiku wa manane

Kwanza osha paneli asubuhi kwa maji yasiyo na chumvi. Ukoko wa chumvi na kinyesi cha ndege hupunguza sana. Kisha tazama kivuli: kuti moja tu likiangukia pembe ya paneli linaweza kuangusha safu nzima, si ile sehemu pekee.

Pili, vibanio vya betri. Safisha unga mweupe, kaza, paka grisi.

Tatu, pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika. Ya risasi na asidi ya volti 12 ikiwa imejaa inasoma 12.7, nusu ni karibu 12.2, na ikifika 11.8 imekwisha. Ikijaa jioni lakini usiku wa manane iko 11.8 kwa mzigo ule ule wa zamani, imezeeka. Joto ndilo linaloizeesha: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake unapungua takriban nusu. Kibanda cha bati kisicho na tundu la hewa kinaua betri. Makuti juu ya bati na matundu chini na juu ni dawa rahisi inayofanya kazi.

Nne, mzigo umeongezeka. Hakuna anayekumbuka kusema kwamba friza ya samaki iliongezwa mwezi uliopita. Uliza kwa upole.

Usichanganye betri mpya na kuukuu. Kuukuu itaivuta mpya chini. Na ukibadilisha kwenda lithiamu, badilisha na mpangilio wa chaja kontrola.

Betri iliyovimba, inayotoa harufu ya yai viza, au iliyo moto mkononi: zima chaja, fungua mlango, toka, mwite fundi. Gesi yake inalipuka kwa cheche moja ya spana.

Inveta ikikataa kuwaka ghafla, fungua kifuniko baada ya kuitenga na kusubiri dakika kumi. Mjusi na sisimizi wanapenda joto lake. Wavu laini wa chuma cha pua kwenye matundu unatosha.

Dalili: baada ya radi vifaa vingi vimekufa kwa pamoja

Radi yenyewe mara chache hupiga kifaa. Inapiga karibu, na umeme wake unaingia kupitia kebo ndefu ya data au ya paneli. Kagua erthi: je, fimbo imeunganishwa bado, au waya umeoza ardhini? Jiwe la matumbawe likiwa kavu halipitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo moja iliyogongwa nusu haifai kitu. Zika waya wa shaba kuzunguka jengo, teremsha fimbo mpaka kwenye unyevu, na lenga chini ya omu 10. Erthi ya mnara, ya sola na ya nyumba ziunganishwe pamoja. Zikiachwa mbalimbali, tofauti yao ndiyo inayochoma vifaa. Kati ya mnara na jengo tumia faiba. Kipimo cha omu kinahitaji kifaa maalumu, kwa hiyo mwite fundi anayekimiliki kabla ya masika na kabla ya vuli.

Dalili: kisiwa kizima kimezima

Hapa huna cha kufungua. Unguja inategemea kebo ya baharini kutoka bara tangu 1980, na ilikaa gizani kwa karibu mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kebo ya pili ya megawati 100 ilikuja 2013. Kwa intaneti, tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na Tanzania nzima ikahisi. Rauta yako haikuwa na kosa siku hiyo.

Thibitisha kwa kumpigia mtu wa kisiwa jirani na mtu wa bara. Wote wakiwa wamekatika, acha vifaa vilivyo. Zima friza na pampu, ili umeme ukirudi usikute mzigo wote unasubiri, na uweke sola kwa zahanati na chaji ya simu tu. Kikatika kisiwa chako peke yake, uliza bandarini kama kuna chombo kilichotia nanga au kuburuta nyavu mahali kebo inapoingia ufukweni. Manahodha wengi hawajui inapopita, na bango likiwa limefifia halimwambii mtu kitu.

Unaporipoti, taja saa umeme ulipozima, kama ulizima ghafla au ulififia kwanza, hali ya maji na upepo wakati huo, jina la sehemu ambako chombo kilionekana, na namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya mwisho yenye umeme.